Sauti ya Pili Imeshuka

Siku mliponiaga kwa chai na keki, mwalimu mmoja kijana aliyeanza kazi juzijuzi aliniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu Kalondu, unajuaje mtoto mmoja ameimba vibaya katikati ya kwaya nzima?" Nilimjibu kwamba masikio huzoea, kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa na mwalimu mkuu alikuwa anatazama saa. Jibu lile halikuwa na maana. Masikio hayazoei yenyewe. Yangu yalifundishwa, tena kwa taabu, na kwa miaka mingi niliingia kila zoezi la kwaya nikiwa na hofu. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Ni yenu nyinyi mtakaoachiwa kwaya bila kuulizwa.

Maana hivyo ndivyo nilivyoipata. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilitoka chuo cha ualimu nikapangiwa shule ya msingi upande wa Kibera, nikakodi chumba Lindi, mtaa mmoja wa hukohuko Kibera. Asubuhi ya kwanza mwalimu mkuu alinitazama akaniuliza natoka wapi. Nikasema Machakos.

"Vizuri sana," akasema. "Wakamba mnaimba. Utachukua kwaya."

Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba kwetu anayeimba ni dada yangu, na kwamba kanisani nilikuwa nikisimama karibu naye ili nijifiche ndani ya sauti yake.

Zoezi la kwanza lilifanyika darasani baada ya masomo, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Watoto walianza vizuri. Kufikia ubeti wa pili kitu kilikuwa kimeharibika, kama maziwa yaliyoanza kuchacha: unajua yameharibika, lakini huwezi kuonyesha ni tone lipi. Nikapita katikati ya safu nikisikiliza. Nilipomkaribia mtoto, alipunguza sauti, nilipompita, akaongeza. Nikawasimamisha nikasema, "Rudieni, na safari hii muimbe vizuri." Wakarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. "Imbeni vizuri" ndilo agizo bure kuliko yote katika kazi yetu, na nililitoa muhula mzima.

Mashindano ya shule yalikuwa yanakuja na mwalimu mkuu alikuwa ameshawaambia wazazi. Siku za kwaya chakula cha mchana kilinishinda. Niliwaza kwamba jaji yeyote mwenye masikio atageuka aniangalie mimi, siyo watoto, na atajua.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Abdalla, Mnubi wa Makina, palepale Kibera, mtu mzima aliyefundisha hesabu darasa la saba. Alikuwa amesomea muziki chuoni wakati wa mkoloni, akaongoza kwaya hiyohiyo miaka mingi, mpaka magoti yakakataa kusimama. Alasiri alikuwa akipita chini ya dirisha letu akielekea msikitini. Siku moja akasimama.

"Mwalimu, unatafuta nini humo ndani?"

"Natafuta anayeharibu."

"Utatafuta mpaka upewe pensheni. Kwani anaharibu kwenda wapi? Juu ama chini?"

Sikujua. Sikujua hata kama hilo ni swali.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikuja na uma wa sauti. Kama hamjauona, ni kipande cha chuma chenye meno mawili na mpini mfupi. Ukiugonga kwenye goti unaimba noti moja tu, ileile kila siku, jua liwake au mvua inyeshe. Aliugonga, akauweka mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio langu. Kichwa changu chote kikajaa noti ile.

"Sasa imba," akasema. "Anzia chini yake. Panda polepole, kama umebeba ndoo ya maji kichwani na unapanda ngazi."

Nikapanda. Nilipokaribia, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani, ingawa lazima kilikuwapo siku zote: sauti yangu na ya chuma zilianza kutikisana, wau-wau-wau, kama bati lililolegea kwenye upepo. Nikaogopa nikanyamaza.

"Usikimbie!" Abdalla alikuwa anacheka. "Huo ndio ugomvi. Sauti mbili zikiwa karibu lakini hazijafika pamoja, zinagombana. Ukisogea zaidi, ugomvi unakuwa wa polepole. Ukifika, kunatulia. Wewe usisikilize kama sauti ni nzuri, dada. Watu wengi wana sauti nzuri na wako nje kabisa ya noti. Sikiliza ugomvi."

Aliniachia uma ule, nikaenda nao Lindi. Kila jioni nilikaa kitandani nikiguna kutoka chini kwenda juu, kutoka juu kwenda chini, nikitafuta mahali pa kutulia. Kati ya chumba changu na cha jirani kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Mama Mutua aliyeishi upande wa pili alivumilia wiki nzima, halafu akabisha mlango akiwa na karafuu kwenye kiganja.

"Mwalimu, pole. Weka hii kwa jino."

Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kwanza nilisikia ugomvi wa sauti yangu na chuma. Kisha wa watoto wawili. Kisha watatu. Abdalla alinikataza kabisa kusikiliza kwaya nzima kwa mara moja; aliniambia nigawe safu, niwaite wawili wawili waimbe noti moja, na niwafundishe wao wenyewe kusikia. "Ukiwa wewe tu ndiye unayesikia, umekuwa polisi," alisema. "Wakisikia wao, umekuwa mwalimu." Kwa hiyo tulicheza mchezo: mtoto mmoja anashika noti, mwingine anaitafuta, na darasa linaonyesha kidole juu au chini. Tuliacha kusema "vibaya." Tulisema "umepanda," "umeshuka," "umefika." Mtoto akiambiwa ameimba vibaya anafunga mdomo. Akiambiwa ameshuka, anajua pa kwenda.

Jambo la mwisho alilonifundisha alilisema siku nilipotaka kumwambia mvulana mmoja afungue mdomo tu bila kutoa sauti, kama wanavyofanya walimu wengi mashindano yakikaribia. Abdalla alikasirika kweli. "Mtoto akiimba nje anakuambia kitu," akasema. "Labda anaogopa. Labda hajapumua. Labda hasikii. Uliza kwanza." Yule mvulana, tulipouliza, sauti yake ilikuwa inavunjika tu kwa umri, na alikuwa anaona aibu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi. Shule ilikuwa na madarasa ya mawe na mengine ya mabati, na kwaya, bila shaka, ilipewa ya mabati. Mvua ikinyesha tuliacha kuimba tukasikiliza paa. Nilikuwa sasa nasikia vizuri, lakini wasiwasi haukuniacha, uligeuka tu. Zamani niliogopa kwamba sisikii. Sasa nilisikia kila kitu: mlango ukilia nje ya noti, mwalimu mwenzangu akiguna wimbo wa redio akiwa ameshuka kidogo. Sikupata raha.

Katika kwaya ile nilikuwa na msichana wa darasa la sita, Nyambura. Alilelewa na nyanya yake, mama mwenye ploti ya vyumba vya kukodisha, mzaliwa wa palepale, mwanamke wa kanisa ambaye kila mtu alimwita Shosho, yaani nyanya. Nyambura hakuwa na sauti ya kushangaza. Uzuri wake ulikuwa kwamba hakutikisika. Aliimba sauti ya pili, ile iliyo chini ya wimbo wenyewe, ambayo watoto wengi huikimbia na kurudi kwenye ya kwanza. Yeye hakukimbia. Nilimweka katikati ya safu, nikawapanga waliokuwa wakiyumba kulia na kushoto kwake, na wakatulia.

Kisha muhula wa mashindano, siku moja, sauti ya pili ikashuka.

Kwanza nilijishuku mimi. Nilikuwa na mafua wiki ile, nikadhani masikio yangu yamerudi Lindi. Nikagonga uma, nikawapitia wawili wawili. Wale wayumbaji walikuwa wanamfuata Nyambura kwa uaminifu, na Nyambura alikuwa chini.

"Umeshuka," nikamwambia.

Akapanda. Akapita noti, akashuka tena. Alikuwa anaitafuta. Mtoto ambaye kwa miaka miwili alikuwa akifika moja kwa moja alikuwa sasa anapapasa kama mtu aliyefunikwa macho.

"Nyambura, unasikia noti?"

"Nasikia, Mwalimu."

Lakini alijibu akiwa amegeuza kichwa, sikio la kulia likinielekea. Nikakumbuka kwamba wiki ile yote alikuwa akigeuza kichwa hivyo, nami nilidhani ni maringo ya umri. Nikamwambia avue kitambaa cha kichwa. Akakataa. Wenzake walipotoka nikamwomba tena, taratibu, akakivua huku machozi yanamtoka. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa pamevimba na kuwa pekundu, hata sikio lenyewe lilikuwa limesukumwa mbele. Nilipoweka kiganja kwenye paji la uso wake, alikuwa na joto kali.

"Tangu lini?"

"Lilikuwa linatoa maji tu. Halafu likaacha, likaanza kuuma." Akanishika mkono. "Mwalimu, usinitoe kwa kwaya. Nitapanda. Naweza kupanda."

Niliondoka naye saa ileile. Mwalimu mkuu alikuwa ameenda mjini, na sikungoja ruhusa.

Shosho alikuwa uani anachambua maharagwe. Alinikaribisha vizuri, akaagiza chai, akanisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha vidole.

"Ni baridi hiyo," akasema. "Namwekea mafuta ya moto kila asubuhi. Itapasuka itoke."

"Shosho, huyu mtoto anahitaji hospitali. Leo."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Nalala na yeye nyumba moja. Wewe unamuona jioni kidogo. Umejuaje yeye ni mgonjwa sana na mimi sijajua?"

Nikasema ukweli, kwa sababu sikuwa na kingine. "Ameshuka sauti."

Vidole vikasimama. "Ati apelekwe hospitali juu ya wimbo?"

Sikumcheka na sikumlaumu. Nilijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba baba yake Nyambura alikuwa ameingia hospitali akitembea na akarudishwa nyumbani kwenye sanduku. Mwanamke yule hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu kuliko mimi, ila yeye aliificha ndani ya maharagwe.

Nikamwomba kitu kimoja tu. Nilimsimamisha Nyambura karibu na mlango, mgongo ukitugeukia, nikamziba sikio la kulia kwa kiganja changu. "Shosho, mwite. Kwa sauti yako ya kawaida, kama mko jikoni."

"Nyambura," akaita. "Uka haha." Njoo hapa.

Msichana hakugeuka.

"Nyambura."

Alikuwa anatazama kuku waliokuwa wakidonoa nje. Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua ndiye aliyegeuka.

"Nyambura!" Safari hii Shosho alikuwa amesimama, sinia la maharagwe limeanguka. Nikaondoa kiganja. Nyambura akageuka, akatuona tulivyomtazama, akauliza, "Mmeniita?"

Shosho aliingia ndani akatoka na shali yake ya kanisani, na jirani yule akakimbia kumwita mpangaji mmoja wa Shosho aliyekuwa na pikapu ya kusambaza maziwa. Nyambura alikaa mbele katikati ya Shosho na dereva. Mimi nilikaa nyuma na mikebe, na kila shimo la barabara lilipotutupa niliwaza kichwa chake.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alitazama nyuma ya sikio, akaingiza mkono mfukoni, akatoa uma wa sauti. Nilidhani uchovu unanichezea. Aliugonga, akauweka katikati ya paji la uso la Nyambura, akamuuliza anasikia upande gani, akaongea na muuguzi haraka kwa Kiingereza. Kisha akatugeukia. Usaha, alisema, ulikuwa umekwama nyuma ya kiwambo cha sikio na kuingia kwenye mfupa. Kutoka kwenye mfupa ule kwenda kwenye ubongo si mbali. Ilibidi apasuliwe, tena upesi.

"Atasikia?" Shosho akauliza.

"Kwanza tuangalie kama ataamka, mama," daktari akasema, na nadhani alitaka kusema kwa upole zaidi ila hakuwa na nafasi.

Mambo ya benchi la hospitali hayana la kufundisha. Shosho aliomba kwa Kikuyu, mimi kwa Kikamba, na pale tulipochoka tuliomba pamoja kwa Kiswahili. Mara moja alinigeukia akaniambia, "Akifa, Mwalimu, nitakuchukia. Nakuambia mapema." Nikamwambia ni sawa. Tukaendelea kushikana mikono.

Nyambura aliamka. Kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa soda. Alikaa wodini wiki kadhaa, akarudi nyumbani na bandeji iliyozunguka kichwa, na sikio la kushoto halikurudi tena kama lilivyokuwa. Kwa upande ule dunia yake ilibaki kama iko nyuma ya ukuta wa mawe.

Aliporudi kwaya, alikuwa nje kabisa ya noti. Sasa alijua yuko nje, na hilo ndilo lililokuwa gumu kutazama. Mwalimu mkuu, mtu mwenye moyo mzuri, alinishauri nimwache asimame na wenzake akifungua mdomo tu, ili asijisikie ametengwa. Nilimuuliza Nyambura mwenyewe.

"Nidanganye watu na mdomo?" akasema. "Hapana, Mwalimu. Afadhali nikae nje nihesabu magari."

Basi tukaanza upya, kama nilivyoanza mimi. Nilimwekea uma kwenye mfupa wa taya, akaguna kutoka chini kwenda juu akitafuta mahali pa kutulia. Alisema anausikia ugomvi, lakini kwaya ikianza unapotea. Nilijaribu kumweka nyuma, akashuka. Mbele, akapanda. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba mawe, nikiogopa kwamba namtesa mtoto kwa ukaidi wangu. Mpaka siku moja nikafikiria jambo ambalo mngefikiria nyinyi siku ya kwanza. Katikati ya safu, nusu ya wenzake walikuwa upande wake usiosikia. Kwake yeye walikuwa hawapo. Nikamhamishia mwisho wa safu, kushoto kabisa, kwaya yote ikawa upande wa sikio lake zima. Tukaanza. Akayumba, akapapasa, kisha ugomvi ukawa wa polepole. Nilisimama mikono hewani nikiogopa kupumua. Kukatulia.

Haikuwa kila siku. Siku nyingine alikuwa amechoka na hakufika. Lakini njia aliijua.

Mwaka uliofuata tulikwenda mashindano. Shosho alikuja, shali na kofia, akaketi safu ya mbele kabisa ambayo nadhani ilikuwa ya wageni waalikwa, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Tulipanda jukwaani. Nyambura alikuwa mwisho kushoto, macho kwangu. Nakumbuka kidogo sana kuhusu wimbo wenyewe, ila sauti ya pili ilikaa chini ya ile ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna mahali palipotikisika. Tulikuwa wa tatu.

Nje, karibu na geti, watoto walikuwa wanakula mandazi. Shosho alinifuata amekunja uso.

"Mwalimu, mimi sikumsikia Nyambura."

"Hukumsikia?"

"Nimesikiliza mpaka shingo inauma. Nimesikia watoto wakiimba, yeye sikumsikia hata kidogo. Tulihangaika hivyo yote asisikike?"

Nikataka kumweleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwamba sauti ikifika mahali pake haisimami peke yake, kwamba hakuna sifa kubwa zaidi ambayo angeweza kuitoa. Nilifungua mdomo. Shosho hakuningoja.

"Nyambura! Kuja hapa uimbe nikusikie."

Nyambura akameza andazi, akajifuta mikono kwenye sketi, akasimama mbele ya nyanya yake na kuimba ubeti mzima peke yake, sauti ya pili, ambayo bila wenzake haina hata wimbo ndani yake. Watu walisimama kumtazama. Noti ya mwisho ilikuwa ndefu, pumzi ikamwishia, akashuka.

Nilisikia. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye sikio lake zima. Hakuwa na kitu. Alikuwa anacheka tu, amebaki bila pumzi, na Shosho alikuwa amerusha mikono juu anapiga vigelegele getini.

Nami nikapiga makofi.